Mshona Mapazia na Sheria ya Maduka: Maisha ya Mama Everlyne Nasipwondi Wekesa, 1958–2025

Mama tunayemsindikiza leo aliletwa duniani na mvua. Everlyne Nasipwondi Wekesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kijijini karibu na Chwele, Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Khaemba na Mama Nanjala. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi jioni, na mtoto hakulia. Alilala tu, macho nusu wazi, kana kwamba anasikiliza kitu kilicho mbali. Na kusema kweli hakuiacha tabia hiyo mpaka mwisho wake.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Mombasa. Mwezi wa Januari 1966 alimwita mkewe na watoto waje kuishi naye. Walisafiri kwa gari la moshi, na Everlyne aliamka kulipokuwa kunapambazuka, gari likiwa linavuka kuingia kisiwani. Aliona buluu upande huu na buluu upande ule, akadhani treni imepanda mbinguni. Akamshika mama yake mkono, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mama, tumekufa?" Mama Nanjala alicheka mpaka abiria wengine wakaamka. Marehemu alikuwa akikisimulia kisa hicho kwa kujicheka mwenyewe, kisha anasema kwamba, kwa siku kadhaa baadaye, hakuwa na hakika kamili.

Alisoma shule ya msingi karibu na uwanja wa Tononoka, akafanya mtihani wake mwaka 1972, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Hakuwa mwanafunzi wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Walimu waliandika kwamba ana akili lakini "huondoka." Mwili wake ulikuwepo kwenye dawati, mwenyewe alikuwa dirishani. Mwaka 1977 alijiunga na darasa la ushonaji lililoendeshwa na kanisa, na hapo, kwa mara ya kwanza, mtu hakumkemea kwa kutazama madirisha. Mwalimu wake alimwuliza anaona nini. Akajibu kwamba anaona jinsi upepo unavyotafuta kitu cha kuvaa.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika karakana ya mapazia ya Mzee Jivan, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, aliyekuwa na ndevu nyeupe na subira ndefu. Alimwita "beti," yaani binti yangu, na akamfundisha yote aliyoyajua. "Beti," alikuwa akimwambia, "kitambaa chenyewe chataka kuanguka vizuri. Kazi yako ni kukiachia tu." Everlyne alikaa naye miaka mingi. Mapazia yake ya kitambaa chepesi cha melimeli yalitundikwa katika nyumba za Mji wa Kale, katika hoteli, katika ofisi za bandarini, na hata katika chumba cha mapadri, ambao walilalamika kwamba yanawapa usingizi.

Ni katika karakana hiyo alikokutana na Swabaha, mwaka 1979. Swabaha ni mtoto wa Mji wa Kale, wa ukoo uliokaa Mombasa vizazi na vizazi, na familia yake iliuza mabuibui na udi katika duka la kukodi. Alikuja kuagiza mapazia ya harusi ya dada yake. Alitaka rangi ya waridi. Everlyne akamwambia waridi haitapatana na mwanga wa chumba kile. Wakabishana mchana kutwa, wakanywa chai, wakabishana tena, na kufikia jua kutua walikuwa ndugu. Mapazia yalishonwa ya rangi ya maziwa. Swabaha mpaka leo anasema waridi ingependeza zaidi.

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1981, marehemu alifunga ndoa takatifu na Bwana Wekesa, aliyekuwa karani wa mizigo bandarini. Shela aliyovaa aliishona mwenyewe kutokana na vipande vilivyobaki vya pazia la mteja, na waalikwa waliisifu sana bila kujua. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ronny na Ashley. Nyumba yao ya Tononoka ilikuwa nyumba ya utulivu. Mara nyingi Bwana Wekesa alirudi kazini akamkuta mkewe amesimama katikati ya chumba, makasi mkononi, macho yako mbali. Hakumshtua. Alikuwa akivua viatu taratibu, anakaa, kisha anauliza, "Nasipwondi, umefika wapi?" Naye anajibu bila kugeuka, "Niko njiani, narudi." Bwana Wekesa alitutoka mwaka 2017, akazikwa kwao Bungoma.

Mzee Jivan alifariki mwaka 2011 na karakana ikafungwa. Marehemu akaamua kufungua duka lake mwenyewe. Alikuwa na wateja, alikuwa na akiba, alikuwa na jina. Mwezi wa Mei 2012 alikiona chumba kitupu katika mtaa wa maduka unaopakana na Mji wa Kale, chumba chenye dirisha refu linaloelekea baharini. Alisema alipoliona dirisha lile, alikuwa tayari ameshalivisha kichwani.

Dalali wa jengo alikuwa ameketi kibarazani akinywa kahawa. Hakuinuka.

"Chumba kishachukuliwa, mama," alisema.

"Lini? Jana nilikiona wazi."

"Kishachukuliwa. Jaribu huko juu, huko kwenu. Mtaa huu una watu wake."

Marehemu alirudi nyumbani. Alimweleza Swabaha kama anayesimulia ndoto asiyoielewa. Swabaha alisikiliza, akajifunga buibui lake, akaenda. Dalali yule yule alimkaribisha, akamfungulia mlango wa chumba kile kile, akamwambia anaweza kuingia hata siku hiyo, maana mwenye jengo anataka watu wetu.

"Watu wetu ni kina nani?" Swabaha aliuliza.

"Wewe wajua, bibi. Si hawa weusi wa bara."

Swabaha alirudi Tononoka akakaa kitandani bila kuvua buibui. Akayarudia maneno yote, moja moja. Everlyne alikuwa akipinda ukingo wa pazia. Aliupinda mpaka mwisho, akakata uzi, ndipo akasema, "Kwa hiyo sikuwa nimeota."

Walikwenda mahakamani. Swabaha alisimama akatoa ushahidi, na baada ya hapo duka la familia yake, lililokuwa la mwenye jengo yule yule, likapewa ilani ya kuhama. Jamaa zake wengine wakaacha kumsalimia. Everlyne alimwendea, akamsihi ayafute maneno yake, kwani rafiki hafai kupoteza riziki kwa ajili ya dirisha. Swabaha alikataa.

"Everlyne, mimi nimeona kwa mato yangu. Nikisema sikuona, mato haya ntayapeleka wapi?"

Akahama duka. Akawa anauza udi barazani kwao.

Kesi iliamuliwa mwaka 2015, na walishindwa. Hakimu alisema wazi kwamba alilotendewa mama huyu halipendezi, na kwamba Katiba inalikataza. Lakini sheria iliyotumika katika kesi ile ilimlinda mpangaji aliyekwisha kuingia. Aliyezuiwa mlangoni haikumtaja. Wakili wao alitoka amekunja uso. Marehemu alitoka, akavuka barabara, akasimama kivulini. Alipoulizwa baadaye alikuwa akiwaza nini, alisema alikuwa akiwaza watu wote waliosimama mbele ya milango ile kabla yake, wakaambiwa kishachukuliwa, wakaamini, wakaenda zao. Alisema aliwaona kabisa, wamejaa barabara nzima, wametulia, wanangoja.

Tangu hapo akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Mchana alishona nyumbani, na alasiri alizunguka. Alikwenda Marikiti akazungumza na wachuuzi. Alikwenda Feri akazungumza na wauza viatu na miwani. Alikwenda Mji wa Kale pamoja na Swabaha, na huko nako akakuta watu waliokuwa na visa vyao: kijana wa Kiswahili aliyekataliwa ofisi na kampuni ya watu wa bara kwa kuwa "wapwani hawaamki," na mama wa Kihindi aliyekataliwa kibanda sokoni kwa kuwa "nyinyi mna zenu." Alishangaa jinsi kila mlango ulivyokuwa na bawabu wake. Yeye na wenzake wakaomba bunge la kaunti litunge sheria ya kusema hivi: anayekodisha mahali pa biashara asimkatae mtu kwa rangi yake au kabila lake, akilalamikiwa, yeye ndiye aeleze sababu, si yule aliyekataliwa, na asipokuwa na sababu ya haki, leseni yake isimamishwe.

Maoni ya wananchi yalichukuliwa mwezi wa Agosti 2018, katika ukumbi mmoja wa Tononoka. Mheshimiwa mmoja wa kamati alimwuliza, kwa upole, "Mama, Katiba tayari imekataza ubaguzi. Sheria nyingine ya nini?"

Everlyne alichelewa kujibu hata watu wakaanza kutazamana. Wanawe waliokuwa wamekaa nyuma walijua ameondoka, wakamngojea arudi.

"Mheshimiwa," alisema hatimaye, "mimi nashona mapazia. Naweza kukushonea pazia zuri kuliko yote Mombasa. Lakini kama ukutani hakuna fimbo, litakaa limekunjwa kabatini, na jua litakuchoma vile vile. Katiba ni nzuri. Tunaomba fimbo."

Mswada uliahirishwa, ukarudishwa, ukapunguzwa, ukarudishwa tena. Ulipita Novemba 2019. Siku ile Swabaha alileta halua, wakaila wote wawili kama watu waliotoka safari. Kisha Everlyne alijilaza kidogo. Akaota kwamba amepita Mji wa Kale na madirisha yote yako wazi, kila moja lina pazia lake, na hakuna linalofanana na jingine. Aliamka akitabasamu. Akasema katika ndoto ile kulikuwa na dirisha moja la rangi ya waridi, na kwamba, kwa heshima, halikupendeza.

Sasa tumefika mahali ambapo familia ilisita. Tulimwuliza Mzee Nicanor, mdogo wake marehemu Bwana Wekesa, ambaye ameketi hapa nasi, kama sehemu hii isomwe. Alisema isomwe yote.

Mzee Nicanor alipostaafu bandarini alijenga safu ya vyumba vya biashara hapa Tononoka. Yeye pia alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana cha watu wa nyumbani, na mzee wa kanisa. Mwaka 2021 kijana mmoja Mduruma wa hapa pwani, Dzoro, fundi wa viatu vya makubazi, alikwenda kuomba chumba. Aliambiwa vimejaa. Vitatu vilikuwa vitupu, na wiki iliyofuata viliingiwa na watu wa kwetu. Dzoro alikuwa amesikia habari za mama mshona mapazia. Akapiga hodi.

Marehemu hakukimbilia kushtaki. Jumapili baada ya ibada alikwenda nyumbani kwa shemeji yake. Akapewa chai.

"Shemeji, yule kijana wa viatu, ulimkatalia nini?"

"Hawa wa hapa hawalipi kwa wakati. Na mimi nilijengea watu wa nyumbani."

"Aliwahi kupanga kwako asilipe?"

"Nawajua."

"Shemeji, hata mimi kuna mtu aliwahi kusema ananijua."

Mzee Nicanor aliweka kikombe chini. "Sheria ile uliipigania kwa ajili ya wale waliotunyima. Leo waigeuzia nyumba yako?"

"Niliposimama pale ukumbini sikusema wale. Nilisema mtu."

Waliachana bila maombi, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

Mwezi wa Machi 2022 shauri alilofungua Dzoro lilisikizwa katika baraza la usuluhishi lililowekwa na sheria ile. Dzoro alikaa peke yake upande mmoja. Everlyne aliingia, akatazama huku na huku, akaenda kukaa karibu naye. Mwenyekiti wa baraza akamwuliza yeye ni nani kwa mlalamikiwa.

"Ni shemeji yangu. Nampenda."

"Na umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kusema nilichokisikia sebuleni kwake."

Akakisema. Hakukiongeza wala hakukipunguza. Mzee Nicanor hakukana neno hata moja, na tunamheshimu kwa hilo. Aliamriwa ampe Dzoro chumba, naye akampa. Lakini jina la marehemu likaondolewa katika chama cha kuzikana. Kina mama aliokuwa akiimba nao kanisani wakawa wakikutana naye Marikiti wanasalimu nusu salamu. Alilichukua jambo hili kwa uzito zaidi kuliko kushindwa kwa kesi. Siku moja alilia mbele ya Swabaha, yeye aliyekuwa hajalia hata katika maziko ya baba yake.

"Pole, ndugu yangu," Swabaha alimwambia. "Sasa wajua nalivyokuwa mimi."

"Nilijua tangu siku ile. Sikujua tu ladha yake."

"Wajuta?"

Everlyne alitazama nje. "Sijuti. Ila ni chungu."

Ugonjwa ulianza Februari 2024 kwa miguu kuvimba. Madaktari walisema ni moyo, kwamba umekuwa mkubwa kupita kifua chake. Alitibiwa, akapata nafuu, akashona kidogo, akaugua tena. Kuanzia Juni mwaka huu hakutoka kitandani. Kitanda chake kilisogezwa dirishani, penye pazia jepesi alilolishona mwenyewe, nalo likivuta na kutoa pumzi mchana kutwa. Alielea. Asubuhi alikuwa hapa, adhuhuri alikuwa katika gari la moshi na mama yake. Alizungumza na Mzee Jivan kwa Kibukusu, lugha ambayo Mzee yule hakuijua hata neno, na kwa jinsi alivyocheka ni wazi kwamba Mzee alikuwa akijibu vizuri. Hakuwa na hofu. Alikuwa kama mtu aliyelala kwenye maji ya kina kifupi, anaachia mawimbi yamsogeze.

Alasiri moja ya Agosti Mzee Nicanor alikuja. Hakuwa amevuka kizingiti kile tangu siku ya baraza. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. Marehemu alifungua macho, akaiona sura ya mdogo wa mumewe, na ndugu hawa walifanana sana.

"Wekesa," alisema, "umerudi mapema. Funga dirisha nusu, kisha uketi."

Mzee Nicanor alifunga dirisha nusu. Akaketi.

"Nicanor hajambo?"

"Hajambo," alijibu.

"Bado amenikasirikia?"

"La. Ameacha."

"Mwambie nampenda. Lakini chumba kile kilikuwa haki ya Dzoro."

"Nitamwambia," akasema Mzee Nicanor. Na hakuondoka mpaka jua lilipotua. Kuanzia siku hiyo alikuja mara kwa mara, akawa akiitikia jina la ndugu yake.

Mama Everlyne alilala usingizi wake wa mwisho Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, alasiri, nyumbani kwake Tononoka. Swabaha alikuwa akimpaka mafuta mikononi. Anasema aliona kidole kikisogea juu ya shuka kama kinachopinda ukingo, kikafika mwisho, kikatulia.

Marehemu alikuwa amewaambia wanawe kwamba azikwe Mombasa. Wazee waliposhuka kutoka Bungoma hawakukubaliana na hilo. Mke hulala ubavuni mwa mumewe, walisema, na mtu hurudishwa kwao. Walikaa chini ya turubai, turubai lililoletwa na kufungwa na kile kile chama cha kuzikana, ambacho hatukukiita. Maneno yalikuwa mengi, na yote yalikuwa ya heshima. Mwishowe wakamgeukia Mzee Nicanor, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa nyumba ya Wekesa sasa. Aliinuka kwa shida, akaegemea bega la Dzoro aliyekuwa amesimama karibu.

"Shemeji alifika hapa akiwa mtoto," alisema. "Hakuna kona ya kisiwa hiki ambayo hakuishonea kitu. Mimi ndiye mwenye neno la mwisho, na neno langu ni hili: azikwe alipochagua. Hapa Mombasa asije mtu tena akamwambia hakuna nafasi."

Wazee waliomba maji ya kunywa, kisha wakauliza kaburi lichimbwe saa ngapi.

Marehemu ameacha mwanawe Ronny na mkewe Ndinda, binti yake Ashley, mjukuu wake Tony, dada zake wawili walioko Chwele, na shemeji yake Mzee Nicanor. Amemwacha pia Swabaha, ambaye katika nyumba hii hatukuwahi kumwita jirani wala rafiki bali Mama Mkubwa, na Dzoro, ambaye asubuhi ya leo alifunga duka lake akatangulia makaburini pamoja na wachimbaji. Familia inawashukuru waliomtibu, waliomwombea katika makanisa na misikiti, na wote waliomkalisha vibarazani mwao alipochoka kutembea.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake. Ardhi ya Mombasa iwe nyepesi juu yake, na apumzike katika amani isiyomwuliza mtu ametoka wapi.